Gauti ya Nyama Ambayo Sikuila

Mzee Barasa, mume wa shangazi yangu, alifariki mwezi uliopita, nami nikaitwa mtaa wa Kware, Nairobi, kwa maombi ya jioni kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani Bungoma. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tano kwa mwanawe Wekesa huku nikishikilia ukuta kwa kiganja, maana vyuma vya ngazi siwezi kuvishika vizuri. Sebule ilijaa viti vya plastiki na watu wa kanisa lao. Nikakaa karibu na mlango ili niondoke mapema. Lakini mwendesha maombi, kijana mmoja mwenye suti ya kumbana, akanitazama akatabasamu, akasema, "Sasa tumwite dada Nafula atuambie neno. Marehemu alimlea, na hata dada alipougua gauti, ni nyumba hii iliyomtibu." Gauti! Mpaka leo! Watu waligeuka kutazama vidole vyangu, vilivyolala upande mmoja vyote, na mama mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Nilisema kifua kinaniuma, siwezi kuongea. Uongo mtupu. Kifua changu kilikuwa salama, ila kama ningefungua mdomo wakati ule, maombi yangekatika.

Basi nitasema hapa. Kwa nini nilikuwa nikiishi kwa shangazi, na wazazi wangu walikuwa wapi, si habari ya ukurasa huu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa msusi. Tena msusi hasa, si wa kubahatisha. Nilisuka kwenye kibanda cha mama mmoja hapo Huruma, tukimwita Mama Saluni, na wasichana walikuwa wakisubiri kwenye benchi nimalize kichwa kilichokuwa mkononi, ilhali kulikuwa na wasusi wengine wawili wamekaa bure wanatafuna miwa. Nilijua kugawa nywele bila kitana, kwa kucha tu. Leo nina duka la nywele Eastleigh, nauza kwa jumla, na kila siku wasichana wadogo wananiuliza, "Mathe, hii unaweza nionyesha vile inasukwa?" Nawaambia waulize mwingine. Nauza nywele nisizoweza kuzisuka, na hilo bado linanichoma.

Tuliishi Huruma watatu, Wekesa akiwa bado Bungoma, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, upande wao kitanda, upande wangu jiko, masufuria na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana. Ng'ambo ya barabara ilikuwa Kiamaiko, penye machinjio ya mbuzi. Aliyewahi kukaa hapo hana haja ya kuambiwa harufu ya mbuzi asubuhi ikoje. Wa kuchinja walikuwa Waislamu, Mzee Barasa alikuwa mchunaji, na kila jioni alirudi na chochote alichopewa: kichwa, miguu, matumbo, siku nzuri mbavu. Ploti nzima, vyumba vyote vya wapangaji, ilikula sukuma wiki, sisi tulikula nyama, na Shangazi Rispa alihakikisha majirani wanaisikia ikikaangwa. Alikuwa na desturi yake. Jioni aliikaanga nyama yote kavukavu kwa chumvi, akagawa ya siku hiyo, iliyobaki akaiacha kwenye sufuria kwa ajili ya kesho, akaifunika kwa sahani ya bati na juu ya sahani akaweka jiwe. Jiwe lilikuwa la panya, alisema. Lakini aliliweka kila mara upande wake uleule bapa, na asubuhi kitu cha kwanza alichokagua, kabla hata ya kusali, kilikuwa lile jiwe.

Sasa, Mzee Barasa alikuwa na gauti ya kweli. Alilala mzima, akaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Baada ya siku chache kilipoa akarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Zahanati walimwambia apunguze nyama, hasa maini, figo na matumbo, na aachane na pombe ya busaa kabisa. Shangazi akaisimamia amri hiyo kama askari jela. Mzee aliwekewa ugali, sukuma na kipande kimoja kidogo, na alikitazama kile kipande kwa uchungu wa kweli. Hapo ndipo nyama ikaanza kupungua kwenye sufuria. Jiwe lilikuwa mahali pake, sahani mahali pake, ila mbavu zilikuwa haba. Shangazi hakusema kitu kwa siku kadhaa. Alitutazama tu, mmoja mmoja, akivuta pumzi kwa pua.

Na bahati yangu mbaya, ndio wakati mikono yangu ilipoanza kuuma. Niliamka vidole vimekakamaa, mkono wa kulia na wa kushoto, vifundo vilevile pande zote mbili. Sikuweza kufunga kifungo wala kukunja ngumi. Niliichovya mikono kwenye maji moto ya chai ya Mzee ili vidole vilegee, na ilipofika saa nne asubuhi ndipo nilianza kuwa mtu. Nilidhani ni kazi ya kusuka. Nilijipaka marhamu, nikanyamaza. Lakini vifundo vilivimba vikawa laini, vinabonyea, vina joto, na kwenye chumba kimoja utaficha nini? Jioni moja tulikuwa tumezunguka sinia la ugali. Tonge liliniponyoka mara ya pili, Shangazi akaweka mkono wake juu ya sinia kutuzuia wote tusile.

"Nafula, nyoosha mikono."

Nikainyoosha.

"Hii ni gauti," akasema. "Mzee, si hii ni gauti?"

Mzee Barasa aliitazama mikono yangu, akatazama ugali. "Inafanana," akasema.

"Eeh. Inafanana. Sasa wewe niambie. Mzee mguu wake umevimba kwa nyama aliyokula miaka yote ile na watu wakaona. Wewe hapa kwangu nakupa kipande kimoja na mchuzi. Mikono yako imevimba kwa nyama ya nani?"

Nilicheka. Haki nilicheka, nilidhani ni utani. Shangazi hakuwa anatania. Kwake yeye, na kwa ploti nzima kesho yake, mambo yalikuwa wazi kabisa: nyama inaleta gauti, nyama inapotea, msichana ana gauti. Ushahidi nilikuwa nao mkononi mwangu mwenyewe. Hii ni akili ambayo ingetoka tu kwenye nyumba ya mchunaji wa Kiamaiko, ambako ugonjwa wa viungo una jina moja na chanzo kimoja. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati, na nilimsikia jirani Mama Sofi akimwambia mumewe, "Kumbe ni huyo msichana! Na vile ana uso wa kanisa." Mume akajibu, "Gauti haidanganyi, bana." Wakacheka. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro, mikono imeviringishwa leso yenye maji moto, na nilitamani kuupasua ule ukuta niwakute na kicheko chao mdomoni.

Basi nikaachishwa nyama, mchuzi, maharagwe, dagaa wa omena, hata supu ya mifupa. Nilikula ugali na sukuma iliyochemshwa kwa chumvi, na mikono haikupoa hata kidogo. Mwenye akili angejiuliza. Shangazi alisema, "Inamaanisha bado unaiba." Kisha akaleta unga. Kulikuwa na mtu Eastleigh aliyeuza unga wa kijivu kwenye vikaratasi, ati mizizi kutoka milimani, unatibu gauti, mgongo, pumu, kila kitu. Shangazi aliununulia mguu wa Mzee, na kwa kuwa tulihesabiwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja, akanipa na mimi kijiko kila asubuhi. Nisidanganye: ulifanya kazi. Baada ya siku mbili nilikunja ngumi. Nililia kwa furaha mbele ya Mama Saluni, nikasuka kutwa nzima nikiimba. Mzee naye kidole chake kikapoa kwa kijiko kimoja. "Si niliwaambia?" Shangazi akasema. "Dawa moja, ugonjwa mmoja." Na mimi mjinga, siku hiyo nilimshukuru.

Wiki zikapita, uso wangu ukawa mviringo. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo, tumbo likatoka, mikono na miguu ikabaki myembamba vilevile. Wateja walisema, "Umenawiri, Nafula, kuna mtu anakutunza?" Nyumbani haikuwa sifa. Nyumbani yale mashavu yalikuwa kesi mpya. Shangazi alinishika kidevu mbele ya majirani uwanjani penye kamba za nguo, akanigeuza uso huku na huku. "Mtu anayekula sukuma kwangu ananona hivi? Tazameni! Mbuzi mzima ameingia humu." Mama Sofi alishika mdomo. Watoto walianza kuniita Mutura, ule utumbo wa mbuzi unaoshindiliwa nyama na kuchomwa. Nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi, nachangia kodi, na watoto wa ploti waliniita Mutura nikipita na ndoo.

Jumapili moja Shangazi alikwenda kanisani, mimi nikabaki nimejilaza nyuma ya pazia nikiwa na homa. Mzee hakujua nipo. Nilisikia jiwe likiinuliwa polepole na kuwekwa chini. Nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria, shati jeupe la Jumapili limekunjwa mikono, anaguguna ubavu kwa raha zote. Alipomaliza alipangusa vidole kwa gazeti, akarudisha sahani, akalirudisha jiwe kwa upande wake bapa, taratibu, akaligeuza kidogo mpaka likakaa sawa. Alilijua lile jiwe kuliko Shangazi. Ndipo akaniona. Akainua sahani tena, akachagua kipande, akaninyooshea.

"Chukua basi na wewe," akasema. "Si tayari wanasema unakula."

Sikukichukua. Nimekutana na maovu makubwa kuliko hayo tangu siku hiyo, lakini hakuna lililonitia kichefuchefu kama mkono ule wenye mafuta ulionyooshwa kwa wema. Jioni, tulipokaa kula, nikasema wazi. Nikasema, "Shangazi, anayekula nyama ni Mzee. Nimemwona leo kwa macho yangu." Mzee Barasa akaendelea kufinyanga tonge lake. Hakukana, hakukubali, alisema tu, "Huyu mtoto ana homa." Na Shangazi akanipiga mwiko wa ugali moto shavuni, kwenye hayohayo mashavu. "Unamwita mume wangu mwizi ndani ya nyumba yake? Wewe? Kuanzia kesho sikupi dawa. Dawa yangu si ya wezi."

Ilipofika Jumanne kidole cha Mzee kilikuwa kimevimba tena, chekundu, anapiga kelele ploti nzima. Shangazi alikiona. Alikikanda kwa maji baridi na mikono yake mwenyewe, akampa kijiko cha unga, na hakusema neno. Mimi unga wangu ulikuwa umekatwa, na siku hizohizo nilianza kuishiwa nguvu. Nilitapika. Miguu haikunibeba. Mikono ilivimba kuliko mwanzo, kana kwamba ilikuwa ikingoja. Nilijikokota hadi kibandani, nikashika nywele za mteja, vidole vikakataa, na nilipojaribu kusimama wima nikaanguka juu ya beseni la kuoshea vichwa. Mama Saluni ndiye aliyenipeleka hospitali. Kutoka nyumbani hakuja mtu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na hasira za kudumu, na nilimpenda tangu aliponifokea. Alinibonyeza vifundo, akanishika mashavu, akauliza, "Unga gani unakula?" Nikashtuka amejuaje. Akasema ni uso umemwambia. Ule unga ulikuwa umesagwa pamoja na steroidi, dawa ya hospitali inayotuliza uvimbe haraka na kuharibu mengine polepole, na mtu aliyeizoea kila siku akiachishwa ghafla anaweza hata kufa, kwa kuwa mwili umesahau kujitengenezea yake. "Na nani alikwambia una gauti?" Nikamwambia: shangazi, mzee, ploti. Akavua miwani. Gauti, alisema, ni asidi iliyozidi kwenye damu, inaganda vipande vikali ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba kimoja, inakuja ghafla na kuondoka. Mwanamke wa umri wangu anayeona siku zake haipati kirahisi. Yangu ilikuwa athritisi ya aina nyingine, inaitwa rumatoidi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia viungo, pande zote mbili, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi. "Nyama haihusiki hata kidogo," akasema. "Ungekula mbuzi mzima, au usile kabisa, mikono ingevimba vilevile. Ila ungekuja mapema ningeiokoa. Sasa nitaokoa iliyobaki." Nilimuuliza kama nitasuka tena. Akasema hapana, siyo kama zamani. Hakuzunguka. Nikageukia ukuta nikalia.

Nilirudi Huruma kuchukua godoro langu tu. Nilimweleza Shangazi yote aliyosema daktari, nikiwa nimesimama mlangoni. Hata magoti yake, niliyokuwa nimemuuliza daktari, nilimweleza, yaliyokuwa yakimuuma jioni akitembea na kupoa akikaa, kwamba hayo nayo si gauti, ni gegedu, ule mto laini wa kati ya mifupa, imelika, na kuna mazoezi ya kusaidia. Nyumba moja, magonjwa matatu, na wao wameyapa yote jina moja! Alinisikiliza huku akikwangua sufuria. "Mwili unajishambulia wenyewe," akasema. "Nani amewahi kusikia hivyo? Toka na godoro lako." Mzee Barasa alikuwa amelala nyuma ya pazia, mguu juu ya mto. Niliona kivuli chake. Alikuwa anasikia kila neno, na neno moja lake lingetosha, maana kama nyama ilikuwa yake, basi gauti nayo ilikuwa yake peke yake, na mikono yangu ingebaki bila kesi. Alikohoa tu.

Tangu hapo nimeishi na ugonjwa huu kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi asiyefukuzika. Tembe zangu nameza mara moja kwa wiki, siku moja ileile, na nyingine ndogo ya kuzisindikiza ili zisinidhuru. Damu napimwa, maana dawa ile inaweza kuumiza ini. Asubuhi mikono inaingia maji moto kabla haijaingia kazi. Siku vifundo vinapowaka napumzika, siku vinapopoa nafanya mazoezi hata kama sitaki. Vidole vilivyopinda vimepinda, havitarudi, ila vingine vimebaki, na vinatosha kufungua mlango wa duka. Mtu akija dukani na unga wa kijivu ati ananihurumia, namfukuza kwa sauti barabara nzima isikie.

Basi maombi yaliisha, watu wakaanza kupakuliwa chakula, na Wekesa akaniambia mama yake ananiita chumbani. Shangazi Rispa alikuwa kitandani, miguu imenyooshwa, magoti yamefungwa bendeji, mzee kabisa sasa, mdogo. Alimwambia mke wa Wekesa aniletee sahani. Sahani ikaja imejaa nyama ya mbuzi, mbavu tupu, rundo, hata ugali hauonekani. Akangoja mkwewe atoke na mlango ufungwe.

"Umekataa kumsemea Mzee," akasema.

"Ningesema nini, Shangazi? Kwamba alikuwa anarudisha jiwe vizuri?"

Kule sebuleni walikuwa wameanza wimbo. Kisha akasema, akitazama magoti yake, "Nilijua ni yeye."

"Ulijua lini?"

"Hata kabla hujasema. Nilikuwa nanusa mikono yake. Sasa ningefanya nini, Nafula? Ningemwita mume wangu mwizi, majirani wasikie? Wewe ulikuwa wa kuondoka. Yeye alikuwa wa kukaa."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hii kumthibitishia. Nilikuwa na maneno tayari, na ushahidi wa kile kidole cha Jumanne. Kumbe hakukuwa na wa kuthibitishiwa. Nikainua mikono yangu yote miwili nikaiweka mbele ya macho yake, karibu, asiwe na pengine pa kutazama.

"Kama ulijua sikuila nyama," nikasema, "basi ulijua hii si gauti. Ulijua kuna ugonjwa mwingine unaoila hii mikono. Ungeniambia siku ile nyoosha mikono, twende hospitali, ningekuwa nasuka mpaka leo."

"Ugonjwa sikuujua," akasema. "Haki ya Mungu, huo sikuujua."

"Hukuuliza."

Aliisukuma sahani kwangu kwa vidole vyake vilivyonyooka, vizima, vya mwanamke wa miaka themanini. "Kula, mwanangu," akasema. "Kula, yote ni yako."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nyama siwezi kuishika kwa vidole viwili kama watu wengine, naibana kati ya viganja, na inachukua muda, na mafuta yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Alitaka kugeuka nikamwambia anitazame. Nikala ubavu mmoja baada ya mwingine mpaka sahani ikabaki mifupa, na sikumwambia asante.